Mwalimu, Watoto, Guest

Kompyuta yetu ilifika Ekerenyo kwa matatu kutoka Kisii mjini, imezungushiwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa ya mtumba, skrini ile ya mgongo mkubwa, Windows XP ndani. Kufikia Jumapili Mama alikuwa ameishonea kitambaa cha kroshia. Naye Tata, yaani babangu (kwa Ekegusii ukisema "baba" umemwita mama, lakini tuyaache hayo), akaipa milango mitatu ya kuingilia: Mwalimu, Watoto, Guest.

Nataka kuizungumzia skrini hiyo vile watu huzungumzia riwaya, kwa sababu niliitazama kuliko setibuku yoyote niliyowahi kutahiniwa. Ni ya buluu, majina upande wa kulia, kila jina na kapicha kake. Tata alijichagulia sataranji. Sisi akatupa bata wa plastiki. Hapo tayari unajua mhusika mkuu ni nani.

XP ilitoka mwaka wa 2001, na ukiisoma vizuri unaona familia ambayo walioibuni walikuwa nayo kichwani: kila mtu na jina lake, picha yake, paswadi yake, kama nyumba yenye vyumba vya kutosha. Kwetu, Watoto ilikuwa watu wanne na paswadi moja. Ukiandika kitu usiku, asubuhi dadako anakikariri mezani mbele ya uji. Sijawahi kupata wahariri wakali kama wale.

Ukishaingia unakutana na kile kilima cha kijani. Charles O'Rear alikipiga picha Januari 1996 huko Sonoma, California. Kilikuwa shamba la mizabibu, mizabibu ikaharibiwa na wadudu, ikang'olewa, nyasi zikaota. Wageni waliokuja kwetu walidhani ni Nyamira, na kusema kweli rangi inakaribia: toka Kebirigo ukielekea Sanganyi asubuhi baada ya mvua uone. Lakini mimi kile kilima kilinikera tangu siku ya kwanza. Hakina mtu. Kilima cha kijani huku kwetu kina watu wamebeba vikapu mgongoni, wanachuma majani mawili na chipukizi, na kuna mtu anawaza kilo zake zitasomaje kwenye mizani. Picha ya O'Rear ni nzuri kwa sababu kazi imeondolewa ndani yake. Miaka yote niliyoiangalia nilikuwa nikitafuta mahali mama yangu angesimama.

Tukija kwa skrinisava, hapo Tata alijiandikia kitabu chake mwenyewe. Skrinisava zilianza na kazi ya maana: skrini za zamani zikikaa na picha ileile kwa muda mrefu, picha inachomeka kwenye kioo na kubaki kama kivuli. Kwa hivyo unaweka kitu kinachotembea. Kati ya zote zilizokuja na XP, bora ni yale mabomba yanayojijenga yenyewe gizani, hayana maneno, hayamfundishi mtu. Tata hakuyataka. Alichagua ile ya maandishi yanayozunguka, akaandika neno moja, SOMA, akaiweka itokee baada ya dakika moja na kudai paswadi upya.

Sasa fikiria. Dakika moja bila kugusa mausi. Ni nani hukaa dakika moja bila kugusa mausi? Mtu anayesoma! Kila nilipozama kwenye ukurasa mrefu, SOMA ilitokea ikanifukuza. Aliyekuwa akicheza karata hakusumbuliwa hata siku moja. Na kumbuka kila akaunti ina mipangilio yake ya skrinisava, hata akaunti yenye mipaka kama ya Watoto. Tungeweza kuibadilisha kwa kubonyeza mara tano. Hatukuthubutu.

Nilipomaliza KCSE, Tata alinifungulia akaunti yangu peke yangu. Hakusema kitu, niliwasha tu nikakuta jina langu pale, na mpira wa miguu kando yake. Zamani kijana wa Kigusii alipofika rika fulani alihamia esaiga, nyumba ya vijana, na kuanzia hapo kulikuwa na chinsoni, ile heshima iliyojaa haya kati ya mzazi na mtoto, inayosema wewe mzazi pale ndani hupaingii ovyo. Niliona ndiyo hiyo nimepewa. Ila XP haijui chinsoni. Msimamizi wa kompyuta anaweza kuiondoa paswadi ya mtu yeyote na kuingia, anaweza hata kuibomoa nyumba yote. Ufunguo ambao mila ilimnyima baba, mashine ilimrudishia.

Kwenye akaunti hiyo niliandika hadithi zangu za kwanza. Pia, likizo ya mwaka wa pili, niliandika barua ya kuacha chuo. Niliandika mara sita. Sikuituma hata moja. Niliacha tu kwenda, na nyumbani nikasema baadaye sana, kwa simu, nikiwa tayari Nairobi naandikia watu makala kwa malipo ya kubembeleza.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Tata aliniita nimsaidie kuchapisha barua ya chama. Alikuwa ameingia kama Mwalimu, na pale kwenye kilima, kando ya kikapu cha taka, kulikuwa na folda yenye jina langu. Mtu akifuta akaunti kwenye XP huulizwa swali moja: faili za mwenyewe zihifadhiwe au zifutwe? Ukichagua zihifadhiwe, vitu vyake huwekwa kwenye folda yenye jina lake, kwenye desktopu ya msimamizi. Mipangilio yake, rangi zake, skrinisava yake, hivyo vinapotea.

Barua zote sita zilikuwa humo ndani. Sikuifungua folda mbele yake, na yeye hakuitaja. Tulichapisha barua ya chama, karatasi ikakwama, akaivuta polepole vile huvuta kila kitu.

Usiku, walipolala, niliwasha tena. Mwalimu, Watoto, Guest. Omogeni. Ya Watoto nilijaribu, paswadi imebadilishwa, siku hizi ni ya wapwa zangu. Nikabonyeza Guest, haikuuliza chochote. Nilikuwa naandika aya ya kwanza ya makala haya Tata alipopita akienda kunywa maji. Akasimama nyuma yangu.

"Nikufungulie ile ingine?"

"Hapana, Tata. Hii inatosha."

Alikaa pale kidogo. Kisha akasema hiyo ya Guest huwa haijizimi haraka, angalau nitasoma. Akarudi kulala.