Kupima Mmeng'enyo wa Protini Mpya za Mimea

Mmea uliobadilishwa vinasaba hutengeneza protini ambayo haikuwamo ndani yake. Kabla mazao yake hayajaruhusiwa kuliwa, hupimwa kama protini hiyo itavunjika tumboni. Hofu kubwa ni mzio, kwa kuwa protini nyingi zinazouleta, zikiwamo baadhi ya zile za karanga, hustahimili asidi na kufika utumboni zikiwa vipande vikubwa vya kutosha kuamsha kinga ya mwili.

Kipimo kinachotumika zaidi huiga tumbo ndani ya kijaribio. Katika lita moja ya maji hutiwa gramu 2 za chumvi na asidi ya haidrokloriki hadi pH ifikie 1.2, kisha pepsini, kimeng'enya kinachopatikana kwenye tumbo la nguruwe. Utaratibu uliojaribiwa na maabara kadhaa na kuchapishwa mwaka 2004 uliweka uniti 10 za pepsini kwa kila mikrogramu ya protini. Kabla ya hapo kila maabara ilikuwa na kipimo chake, na matokeo hayakulinganika.

Mchanganyiko hukaa kwenye nyuzijoto 37. Sampuli huchotwa baada ya sekunde 30, kisha dakika 2, 5, 10, 20, 30 na 60. Kila sampuli hutiwa sodiamu kaboneti papo hapo, kwani pepsini haifanyi kazi asidi ikiisha, halafu huchemshwa. Sampuli hizo huwekwa kwenye vishimo vya jeli na kusukumwa kwa umeme: protini nzito hubaki juu, vipande vidogo hushuka. Jeli ikitiwa rangi ya buluu, mistari hujitokeza.

Mstari wa protini ukitoweka, bado haitoshi kusema imemeng'enywa. Pembeni huwekwa pepsini peke yake, maana nayo ina mstari wake, pamoja na protini isiyotiwa pepsini, ili ijulikane kama asidi pekee ndiyo iliyoiharibu. Kwenye kishimo kingine huwekwa asilimia 10 ya kiasi cha protini kilichotumika. Mstari huo hafifu ukionekana, basi kutoweka kwa ule mkuu kunaonyesha kwamba angalau asilimia 90 imevunjwa. Jeli isiyo na ulinganisho huo haifai kuaminiwa.

Protini ya CP4 EPSPS, inayoiwezesha soya kustahimili dawa ya magugu ya glifoseti, ilivunjika ndani ya sekunde 15. Cry9C, ya kuua wadudu katika mahindi ya StarLink, haikuvunjika kirahisi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliyaruhusu mahindi hayo kwa chakula cha mifugo, si cha watu. Septemba 2000 chembechembe zake zilikutwa kwenye chakula cha watu madukani, na bidhaa nyingi zikaondolewa. Uchunguzi wa damu ya watu 17 kati ya waliolalamika haukupata ushahidi kwamba Cry9C ndiyo iliyowadhuru. Hata hivyo, kipimo kilikuwa kimetoa tahadhari yake mapema. Kilichoshindwa ni kutenganisha mahindi ya mifugo na ya watu.

Hata hivyo kuvunjika haraka si hati ya usalama. Baadhi ya protini za mzio huvunjika upesi, na zipo zinazostahimili pepsini bila kuleta mzio. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2003 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, unataka matokeo haya yasomwe pamoja na chanzo cha jeni na ulinganisho na protini za mzio zinazojulikana. Watoto wachanga na watumiaji wa dawa za kupunguza asidi wana tumbo lenye asidi hafifu kuliko ile ya kijaribio. Utaratibu wa 2004 ulipimwa pia kwenye pH 2.0.