Asili ya Neno "Shenanigans" na Mbweha wa Kiayalandi

Kiingereza kinalo neno "shenanigans", litumiwalo kwa vitendo vya hila vilivyochanganyika na utani. Umri wake si mkubwa: laonekana katika gazeti la California mnamo 1855, na hapo kwanza lilikuwa la umoja, wala si la wingi kama lisemwavyo leo.

Asili yake husimuliwa kwa uhakika usiostahili. Wasikilizwao zaidi ni wale walitoalo katika kitenzi cha Kiayalandi "sionnachuighim", yaani "nafanya ya mbweha". Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Sungura twavutwa upesi na maelezo hayo, lakini sauti hazikubali. Baada ya n ya mwanzo, Kiayalandi kina kh. Kiingereza kina n nyingine, ndipo ifuate g. N hiyo ya pili imetoka wapi? Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo niliandika insha nzima kumtetea mbweha huyu. Mwalimu wangu aliirudisha bila neno lolote, ila duara moja ya wino mwekundu kuizunguka n ile.

Wengine hutaja "chanada" ya Kihispania, yaani hila. Lakini Kiingereza kina ch yake. Hakikuwa na haja ya kuigeuza kuwa sh.

Watetezi hao hukimbilia historia. Ni kweli kwamba dhahabu ilipogunduliwa California mnamo Januari 1848 walimiminika huko Waayalandi, Wajerumani, Wameksiko, Wachile na Wachina. Ujirani huo watoa nafasi ya kuazima maneno. Hautoi ushahidi, kwani wawafaa watetezi wote sawasawa. Linganisha na "hila" yetu, itokayo katika Kiarabu: sauti ya koo iliyoanzia neno imekuwa h, kama ilivyokuwa katika "hali", "haki" na "hesabu". Hapo kanuni yashuhudia.

Kosa hili halikomei katika asili. Amwaminiye mbweha hutafsiri "hila" au "ulaghai", na utani ukapotea. Neno lililo karibu zaidi ni "vitimbi". Nalo husemwa zaidi kwa wingi, nalo hubeba hila pamoja na kichekesho, hata likafaa kuwa jina la mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Kenya. Mtoto afichaye viatu vya babu yake afanya vitimbi. Karani apotoaye daftari la hesabu naye pia, na Kiingereza hutumia neno hilo hilo moja kwa wote wawili.