Hukumu ya Brussels juu ya wametisi: ni nzuri, lakini mama iko wapi?



Tangu tarehe 2 Desemba 2024 ile habari ilizunguka sana kwenye matelefone yetu: tribinali ya rufaa ya Brussels ilisema Leta ya Ubelgiji ilitenda jinai dhidi ya ubinadamu wakati wa ukoloni, kwa kunyang'anya watoto wametisi mikononi mwa mama zao. Watu walishangilia, kisha wakapita. Mimi naona ile hukumu inastahili kusomwa polepole, kama vile tunavyosoma kitabu: tuone inasimama imara wapi, na inaacha shimo wapi. Sababu swali liko ndani yake linatugusa hapa Kivu: mtu anatokea ukoo gani, na nani iko na haki ya kumuomba kartasi ya kuhakikisha?

Tuanze na mambo yenyewe. Wamama watano, waliozaliwa Kongo kwa baba mzungu na mama Mwafrika, walichukuliwa kati ya 1948 na 1953. Hakuna hata mmoja alikuwa ametimiza miaka saba. Walipelekwa kwa masista wa Katende, kule Kasaï, mbali na vijiji vyao. Walishtaki Leta ya Ubelgiji mu 2020. Mu 2021 tribinali ya kwanza iliwakatalia, eti wakati ule kitendo hicho hakikuwa kinaitwa jinai dhidi ya ubinadamu. Rufaa ikageuza: tangu tribinali ya Nuremberg, jina hilo la jinai lilikuwa linajulikana, na Ubelgiji ilikuwa inalijua. Kila mmoja akapewa euro 50.000 za kufidia maumivu.

Nguvu ya kwanza ya hukumu njo hii: haikusimama juu ya machozi peke yake. Ilisimama juu ya makaratasi ya Leta yenyewe. Watawala wa ukoloni walikuwa wanaandika sana: barua, orodha za watoto, amri za kuhamisha. Waliandika mtoto «ameachwa», wakati mama alikuwa hai, anamulea, anamupikia. Neno «ameachwa» njo lilifungua mlango wa sheria ya ulezi wa Leta. Yaani uongo mmoja ndani ya dosie, na mtoto anakuwa mali ya serikali. Tribinali ilisoma zile barua na kuona wazi kwamba ulikuwa mpango wa kutafuta na kuondoa watoto kwa sababu ya asili yao. Hiyo ni kazi safi.

Sasa shimo liko wapi?

Shimo liko kwa mama. Angalia namna ile archives ilijengwa. Baba mzungu, akiandikwa, anaandikwa na jina lote, kazi yake, kampuni au shamba lake. Mama mara nyingi ni jina moja tu, limeandikwa kwa masikio ya mtu asiyejua luga yake. Hakuna jina la baba yake, hakuna kilima, hakuna ukoo. Na mtoto naye: wengine walibadilishiwa majina, wengine tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo anayetafuta asili yake kupitia ile dosie atafika kwa mzungu upesi kuliko atakavyofika kwa bibi yake. Tribinali ilihukumu kunyang'anywa kwa mtoto. Mama aliyebaki na mikono mitupu haikumuita mlalamikaji, na kwa sheria haingeweza, sababu hakuwa mbele yake. Lakini sisi tunaosoma tusijidanganye kwamba hesabu imeisha.

Shimo la pili ni umbali. Mu 2018 bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio la kusaidia wametisi kujua asili yao, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha. Archives de l'État ya kule ilianza kutafuta madosie. Ni vizuri. Lakini sana sana njia hiyo inamufaa mtu iko Ulaya, kama wale watoto karibu 300 wa Save, Rwanda, waliopelekwa Ubelgiji uhuru ulipokaribia. Mjukuu iko Rutshuru ao Masisi, ambaye babu yake alibaki hapa, atafanya namna gani? Makaratasi yako Brussels, kwa Kifaransa na Kiflama, na yeye hata viza hana.

Mutasema: wacha ya wazungu, tuko na shida zingine. Hapana. Hapa kwetu ukoo haujawahi kuwa mchezo. Sheria ya uraia ya 1981 iliomba mtu aonyeshe kwamba mmoja wa mababu zake alikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Nani mu Kivu iko na kartasi ya 1885? Sheria ya 2004 ilisogeza kipimo mpaka uhuru, lakini tabia ilibaki: Leta inaomba raia hakikisho ambalo Leta yenyewe haikuandika, ao iliandika vibaya. Metisi wa Katende na mkulima wa Masisi wanakutana pale pale.

Ila kosa liko pia upande wetu. Kuna familia zinajiongezea mzungu ndani ya ukoo kwa sifa tu, na zingine zinamuficha kwa haya. Simulizi la wazee ni hazina, lakini linaombwa kupimwa. Alex Haley, wa kitabu Roots kilichotoka 1976, alisema amefuata ukoo wake mpaka Kunta Kinte wa Gambia, aliyefika Marekani kwa meli mu 1767 na kuitwa Toby kwa familia ya masetla Waller, kule Virginia. Wachunguzi walipofungua makaratasi ya wale Waller, walikuta Toby iko pale miaka kadhaa mbele ya ile meli. Na mzee aliyemusimulia Gambia, habari ya kile Haley anatafuta ilikuwa imemufikia mbele. Haley alifungua macho ya mamilioni juu ya utumwa, hiyo hatumunyang'anyi. Lakini ukimuuliza mzee swali lenye jibu ndani, atakurudishia jibu lako.

Sisi wa agronomia tunajua: gunia la mbegu bila étiquette, hata kama mbegu ni nzuri, hakuna atakayeisaini. Tunauliza ilivunwa shamba gani, musimu gani, nani alikagua. Basi tufanye vile kwa ukoo. Uliza wazee wawili ao watatu, kila mmoja peke yake, mbele ya kuwaonyesha kartasi yoyote. Anza na bibi: majina yake yote, ya nyumbani na ya ubatizo, kilima chake, chifu wake. Kisha njo uulize shamba gani la kahawa ao pareto alifanya kazi, na mwenyewe alikuwa nani. Kumbuka mashamba mengi yalibadili mwenyewe kwa zairianisation ya 1973, jina la leo siyo la zamani. Kama mzee hana tarehe, tumia volkano: moto wa Nyamulagira uliofika ziwani upande wa Sake ulikuwa wa 1938 mpaka 1940. Nenda uangalie vitabu vya ubatizo vya parokia. Na ADN itaonyesha undugu kama kuna ndugu wa kulinganisha naye, lakini jina la babu haitakuandikia.

Tufanye hayo sasa, sababu makaratasi ya hapa hayana bahati. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya Goma, ikabomoa hata kathedrali. Vita navyo, kila mtu anajua. Na wazee wanaokumbuka miaka ya 1950 wanapungua.

Kwa hiyo neno langu juu ya hukumu ni hili: imethibitisha kosa la Leta, na imethibitisha vizuri. Lakini ukoo wa wale watoto bado ni nusu, na nusu inayokosekana haiko Brussels. Iko kwa vilima vyetu, ndani ya vichwa vya wamama wazee ambao hakuna avoka wala mtafiti amewauliza hata jina lao la pili.