Mlango wa Mwajuma

Waandishi wetu wa riwaya wanapenda sana kumpeleka mtu mjini. Kijana anashuka kwenye basi au meli, hana kazi, hana chochote ila jina la mtu kwenye kikaratasi, na kurasa chache mbele mji umekwisha kumla. Hadithi za namna hiyo tumezisoma tangu skuli, na wengi wetu tuliondoka kwetu tukiwa nazo vichwani. Zinatisha vizuri. Lakini sisi tuliowahi kufika mji wa watu bila kazi tunajua kuna kitu zinakiruka, nacho ni ile miezi ya katikati, baina ya kutua begi na kupokea mshahara wa kwanza. Miezi hiyo mtu halali hewani. Analala kwa mtu.

Ndiyo maana hatuchoki kuirudia Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Wahakiki wameandika mengi juu ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa Raza, mtu mzima wa kumzaa, na juu ya Denge, aliyesoma Urusi akarudi kupambana na mkoloni. Si vibaya. Ila sisi wahandisi tukitazama jengo, swali letu la kwanza ni mzigo unabebwa na nguzo ipi, na katika riwaya hii nguzo ni Mwajuma. Yasmin anapomkimbia mumewe, jamaa zake wa damu wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni mwanamke wa Ng'ambo, asiye na undugu naye, naye mwenyewe anaishi kwa kuungaunga. Kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini kwa msichana wa Kihindi wa miaka ya 1950 ule ni mji mwingine kabisa. Mlango ule usingefunguliwa, pasingekuwa na mapenzi wala siasa, na kitabu kingekwisha mapema.

Miaka 18 baadaye, mwaka 2017, Abdulrazak Gurnah alitoa Gravel Heart, na humo tunamkuta ndugu yake Mwajuma, safari hii London. Salim anatoka Unguja kwenda kusoma, akifikia kwa mjomba wake Amir, mwanadiplomasia. Chumba anapewa, chakula anapewa, na kila kitu kina bei yake. Masomo ya biashara aliyochaguliwa yanapomshinda, nyumba inakuwa haikaliki. Anakuja kupokewa Camberwell, katika nyumba ya mtu wa kwao anayeitwa Bwana Mgeni, inayokaliwa na vijana kutoka pande mbalimbali za Afrika, wenyewe wakiiita nyumba ya OAU. Tulicheka tulipolisoma jina la mwenyeji huyo. Gurnah anaandika kwa Kiingereza, lakini utani ule ni wa kwetu, na msomaji asiyejua Kiswahili umempita.

Sasa lawama yetu. Mwajuma amechorwa mchangamfu kupita kiasi. Anacheka, anatania, anapenda starehe zake, na hatumwoni akichoka na mgeni. Sisi tuliopokea watu, na tuliopokewa, tunajua uchovu unaingia lini. Unaingia pale sukari inapokwisha katikati ya mwezi na hakuna anayesema. Unaingia mgeni anapoanza kutoka asubuhi na mapema bila pa kwenda, ili tu asionekane amekaa. Kwa jicho letu, Bwana Mgeni pia anasamehewa haraka mno hesabu za nyumba yake.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ilitungwa mahali ambapo jembe lilikuwapo na shamba lilikuwa nyuma ya nyumba. Uingereza mwaka 2002 iliondoa utaratibu uliomruhusu mwomba hifadhi kutafuta kazi akisubiri jibu zaidi ya miezi 6, na nyumba nyingi za wenzetu zikajikuta na mgeni ambaye sheria inamnyima jembe. Wenzetu wa Ghuba wana yao: viza ya kazi inatoka kwa mwajiri, na aliyekuja kwa viza ya matembezi huhesabu siku zilizobaki huku mwenyeji wake akizihesabu pia, kila mmoja kimoyomoyo. Hapo ndipo pana riwaya. Si ya anayebisha hodi, ni ya anayeinuka kufungua, akijua ana chumba kimoja na kodi ya Ijumaa.

Amil Shivji aliigeuza Vuta n'kuvute kuwa filamu mwaka 2021, na tunawashauri wenye watoto wasiosoma Kiswahili waitafute. Wenye kitabu, kisomeni tena mkimfuata Mwajuma badala ya Yasmin. Kila anapoingia mtu chumbani mwake, tazameni nani analala kitandani na nani anahamia kwenye mkeka.