Jembe Lililolima Lenyewe: Hekaya kama Ushahidi wa Maisha ya Kale

Wanafunzi tunaowatuma kukusanya masimulizi kandokando ya Ziwa Viktoria hurudi aghalabu na hitimisho moja: kwamba mababu waliishi kwa amani na maumbile mpaka mgeni alipofika. Hitimisho hilo lapendeza, lakini masimulizi yenyewe hayaliungi mkono.

Tuitazame Miaha, riwaya ya Kijaluo aliyoitoa Grace Ogot mwaka 1983, ambayo Okoth Okombo aliifasiri kwa Kiingereza mwaka 1989. Msingi wake ni hekaya ya kale: jembe lilikuwa likilima lenyewe, hata bi arusi Nyawir alipokiuka sharti lililowekwa, tangu hapo binadamu hana budi kulima kwa jasho lake. Anayeisoma hekaya hii kama kumbukumbu ya enzi ya neema anamuuliza shahidi jambo asilolijua. Hakuna aliyepata kuliona jembe hilo. Kinachoshuhudiwa humu ni hali ya wasimulizi: watu waliokwisha kuinamia ardhi, wakatafuta asili ya uchovu wao, kisha wakaona vyepesi kumtwika lawama mwanamke, ilhali ndiye aliyekuwa na sehemu kubwa ya kazi ya shamba.

Hatusemi kwamba masimulizi hayafai kwa historia. Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha 1967 juu ya Wajaluo wa kusini, alithibitisha kwamba yanafaa. Lakini yeye aliyalinganisha masimulizi ya koo mbalimbali. Sisi twamsikiliza mzee mmoja, twaandika funzo, twafunga daftari.

Lugha ya leo yaweza kutufunza kusoma ya kale. Hapa Kondele neno mgongo wazi halihitaji kufafanuliwa: ni mifupa ya mbuta iliyokaangwa, iliyosalia baada ya minofu kukatwa viwandani na kupelekwa ng’ambo. Mbuta mwenyewe aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Atakayelikuta neno hilo baada ya miaka 100 hatajifunza mengi juu ya samaki; atajua kwamba palikuwa na waliokula nyama na walioachiwa mifupa.

Ndivyo lilivyo na jembe la Nyawir. Habari ya watu na maumbile ni habari ya watu na watu pia. Basi kabla ya kuuliza mababu waliishije na ardhi, mhakiki na aulize kwanza: ni nani asimuliaye, na jembe lilikuwa mkononi mwa nani?