Mizani ya Mgonjwa wa Baridi Yabisi Huanzia Unyayoni

Mvua zikishika, njia za Nassa mkoani Simiyu huwa mtihani kwa miguu. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata na kuteleza. Ukikauka hupasuka nyufa za kunasa vidole. Mwenye miguu mizima hupita na ndoo yake kichwani bila kuwaza. Mwenye baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyenyewe, huwaza kila hatua. Tukiutaja ugonjwa huu tunataja vidole vya mikono vilivyopinda na vidonge vya maumivu. Unyayo tunausahau, ilhali ndio unaobeba mwili mzima. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 559 kwa mwaka mmoja, na zaidi ya theluthi yao walianguka. Nasema anguko la namna hiyo mara nyingi huandaliwa mguuni, na mguuni ndiko tunakoweza kuanza kulizuia.

Tutazame linavyoandaliwa. Utando wa ndani ya viungo vya mbele ya mguu huvimba, mishikizo yake hulegea, na vidole hujikunja vikainuka visiguse chini. Nyama laini yenye mafuta iliyokuwa mto chini ya mifupa husogea mbele, mfupa ukabaki umetenganishwa na ardhi kwa ngozi tu. Hapo sugu huota, na kutembea kunakuwa kama kukanyaga changarawe. Kwa ndani ya mguu, kano inayoshikilia upinde wa unyayo hudhoofika, kifundo kikalalia ndani na unyayo ukawa bapa. Mgonjwa hujihami: hufupisha hatua, huhamishia uzito kisiginoni, huacha kujisukuma kwa vidole. Maumivu hupungua, lakini nanga imeng'oka. Vidole ndivyo vinavyouzuia mwili usipinduke mbele, na ngozi ya unyayo ndiyo inayouarifu ubongo kwamba ardhi imeinama. Vyote viwili vikififia, hutegemewa macho, nayo gizani hayasaidii.

Je, hali hiyo hurekebishika? Ushahidi wenye uzito ulitoka Melbourne, Australia, mwaka 2011. Watafiti waliwachukua wazee 305 wenye maumivu ya miguu yaliyowakwamisha katika shughuli zao, wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya miguu. La pili liliongezewa soli za ndani, ushauri na ruzuku ya viatu, kijitabu cha kujikinga na kuanguka, na mazoezi ya nyumbani ya mguu na kifundo, nusu saa mara 3 kwa wiki kwa miezi 6. Mwaka ulipotimia, matukio ya kuanguka katika kundi la pili yalikuwa pungufu kwa asilimia 36. Nguvu ya kifundo, wepesi wake na uthabiti wa kusimama navyo viliongezeka. Utafiti haukutenganisha mchango wa kila kimoja, lakini kazi zake zinaeleweka: soli hugawa uzito, kiatu hushika kisigino, mazoezi hurudisha nguvu.

Mpingaji atasema wazee wale hawakuchaguliwa kwa sababu ya baridi yabisi. Ni kweli. Tena, kilichopungua waziwazi ni jumla ya matukio. Idadi ya watu walioanguka haikutofautiana kitakwimu. Hata hivyo, maumivu ya mguu na kifundo dhaifu ndiyo matatizo yale yale ya mgonjwa wetu. Na kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenyewe, jaribio la Uingereza la mwaka 2002, lililowafuatilia watu 98 kwa miezi 30, lilionyesha kuwa soli ngumu zilizofinyangwa kwa umbo la mguu hupunguza maumivu. Mwingine atasema dawa ndiyo tiba. Nakubali: bila dawa za kuituliza kinga ya mwili, viungo vitaendelea kuliwa. Ila dawa hairudishi mto uliokwisha kusogea, wala haiamshi misuli iliyolala.

Pingamizi zito ni umbali na fedha. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimefunza mafundi wa viungo bandia na visaidizi tangu 1981, lakini hatuwezi kutarajia fundi wa aina hiyo kila kata. Mafundi wa katambuga tunao. Kandambili hazimfai mgonjwa huyu, maana hudai vidole vibane, navyo haviwezi. Katambuga ina soli imara ya tairi. Inahitaji mkanda wa nyuma wa kushika kisigino, tabaka la raba laini juu, na kipande kidogo kinachokaa nyuma kidogo ya mifupa inayouma, kamwe si chini yake. Tabaka lisiwe nene kama godoro, maana unyayo usioihisi ardhi hupoteza mizani. Kanuni ya raba laini juu ya soli ngumu imewahudumia wagonjwa wa ukoma kwa miongo mingi. Mazoezi hayana gharama: kuokota vijiwe kwa vidole, kunyanyua visigino ukishika ukuta, ila si kiungo kikiwa kimevimba na kina moto. Yote haya yanaweza kuanzia zahanati kwa jambo moja: mhudumu amwombe mgonjwa avue viatu, kisha atazame nyayo zake na soli ilikolika.