Tazama Dari Kwanza

Mbunifu wa mandhari ya filamu mara nyingi husifiwa kwa kitu kisicho kipimo cha kazi yake: jumba la kifahari, meli nzima iliyojengwa studio, mji ulioteketezwa kwa moto. Ukubwa na fedha huonekana upesi, ndiyo maana huwateka watazamaji. Kwangu mimi, chumba bora cha filamu ni kile kinachomfanya mhusika aketi, atembee na aogope kwa namna ambayo asingefanya mahali pengine. Ukitaka kujifunza kuvitambua vyumba vya aina hiyo, anza na mbunifu Ken Adam.

Adam alizaliwa Berlin mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1934 familia hiyo ikakimbilia Uingereza. Alisomea usanifu majengo London, kisha wakati wa vita akarusha ndege za Typhoon katika jeshi la anga la Uingereza, mmoja wa marubani wachache sana wa jeshi hilo waliozaliwa Ujerumani. Baada ya vita akaingia studio kama mchoraji wa ramani za seti. Sidhani ni sadfa kwamba mtoto aliyeukimbia utawala wa Hitler alikuja kuwa bingwa wa vyumba ambamo mwenye nguvu humfanya mwenzake ajione mdogo.

Sasa tazama dari. Seti nyingi za studio hazina dari, kwa sababu taa hutundikwa huko juu. Mtazamaji hajazoea kuinua macho, na mbunifu mvivu anajua hivyo. Katika filamu ya *Dr. No* ya mwaka 1962 kuna chumba ambacho Adam alikijenga fedha za seti zikiwa zimekaribia kwisha. Ndani hamna kitu ila kiti kimoja, na kwa nyuma meza yenye kizimba cha buibui mkubwa. Dari limeinama, na katikati lina tundu kubwa la mviringo lenye nondo. Mwanga unapopita hapo, kivuli cha nondo kinatanda sakafuni kama wavu. Mhusika mmoja, Profesa Dent, anaingia, anaamriwa aketi, na aliyemwita haonekani, inasikika sauti tu. Mwangalie anavyokikaribia kile kiti. Hakuna aliyemshikia bunduki, lakini tayari ni mfungwa. Kazi yote hiyo imefanywa na tundu moja na kiti kimoja.

Baada ya dari, uliza mwanga unatoka wapi. Mbunifu hodari huupa mwanga chanzo ndani ya chumba chenyewe, asimwachie mpiga picha ahangaike peke yake. Mfano usio na mpinzani ni chumba cha vita cha *Dr. Strangelove*, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1964, kilichojengwa studio za Shepperton. Adam alichora kwanza ukumbi wa ghorofa mbili. Kubrick aliupenda, halafu akauliza watu wa ghorofa ya juu watafanya nini muda wote huo, na mchoro ukaanzwa upya. Kilichozaliwa ni handaki la zege la pembetatu. Juu ya meza kubwa ya duara unaning'inia mduara wa taa, na mwanga unaowafikia waliokaa pale unatoka humo hasa. Nyuso zinang'aa, migongo inamezwa na giza. Meza ilitandikwa kitambaa cha kijani cha meza za kamari, ingawa filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, maana Kubrick alitaka waigizaji wajisikie wanacheza karata, dau likiwa dunia nzima. Sakafu nyeusi iling'arishwa mno hata mafundi wakavaa viatu laini wasiikwaruze. Kitambaa kile mtazamaji hakioni rangi yake kamwe, lakini waigizaji waliiona kila siku, na kwa mtu anayepima kazi hii jambo hilo lina uzito.

Kuhusu ukubwa sitasema mengi. Volkeno ya *You Only Live Twice* ya mwaka 1967, iliyojengwa Pinewood kwa takribani dola milioni moja, ilikula karibu sawa na bajeti nzima ya *Dr. No*. Kama ujenzi ni ajabu. Nikiambiwa nichague, nachagua chumba cha buibui bila kusita.

Usimpime mbunifu kwa uhalisia peke yake pia. Kwa ajili ya *Goldfinger* Adam hakuruhusiwa kuingia ndani ya hazina ya Fort Knox, basi akaibuni: dhahabu imepangwa mpaka juu, nyuma ya nondo, kama kanisa kuu. Hakuna mtunza hazina ambaye angelundika dhahabu hivyo, kwa uzito wake. Lakini sisi watazamaji tulitaka kuiona, na mhalifu wa hadithi ile anaiota vivyo hivyo.

Kuna sifa nyingine ngumu zaidi kuitambua, nayo ni kujizuia. Hapa namwita mbunifu Mmarekani, Richard Sylbert. Katika *Chinatown* ya mwaka 1974, hadithi ya maji na ukame mjini Los Angeles, alijiwekea masharti: majengo yawe meupe, rangi ziwe za nyasi zilizoungua, mbingu isiwe na mawingu. Mtazamaji hatambui lolote kati ya hayo, ila koo linamkauka. Adam naye alipitia shule hiyo kwa uchungu. Katika *Barry Lyndon* ya mwaka 1975 Kubrick hakutaka seti za studio, alitaka nyumba halisi za kale. Kazi hiyo ilimchosha Adam mpaka akaugua, na ndiyo iliyompa Oscar ya kwanza; ya pili aliipata kwa *The Madness of King George*.

Ukitaka kujaribu kipimo hiki, tazama filamu mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi. Mara ya pili zima sauti. Chagua tukio moja la watu wawili wakizungumza, uangalie nani yuko karibu na mlango, nani ana mwanga usoni, kiti cha nani kiko chini. Kama bila kusikia neno umemjua mwenye nguvu, na tena umeona ni lini nguvu hizo zimehama, mbunifu amefanya kazi yake. Kama unaona samani nzuri tu, umeoneshwa duka la samani.